Kigingi cha Katikati

Mugumu hakuna ziwa. Maji makubwa tuliyo nayo ni bwawa la Manchira, na mtoto anayekulia huku hujifunza kazi ya kamba kwa ng'ombe, si kwa chombo. Lakini mama yangu alizaliwa Majita, kando ya Ziwa Victoria. Kila likizo ya shule nilipakiwa juu ya lori la mahindi, nikapita Nata, Nyamuswa na Butiama nikila vumbi, hadi Musoma kwa mjomba.

Mjomba alikuwa na mashua ya tanga. Alivusha watu na magunia kati ya Musoma na Kinesi, ng'ambo ya ghuba ya Mara, kwa wale wasiotaka kuzunguka hadi daraja la Kirumi. Mashua ile ilikuwa na mahali pawili tu pa kufungia kamba: omo, yaani mbele, na tezi, yaani nyuma. Katikati, pale chombo kinapotanuka, hapakuwa na kitu, na hakuna aliyeona kasoro. Mwaloni chombo huingizwa omo mchangani, vijana wakaruka majini wakakishika. Taabu ilikuwa kwenye ukuta wa mawe, tulikolazimika kulaza mashua ubavu ili tushushe mzigo.

Asubuhi maji hutulia. Mchana upepo hugeuka, ukaja na mawimbi mafupi yenye hasira. Mchana mmoja wa mwaka 1987 nilikuwa omoni, nina miaka kumi na mitano. Tanga lilikwisha kushushwa. Niliruka ukutani nikafunga kamba yangu upesi, nikajisifu moyoni. Upepo ukaingia kati ya ukuta na ubavu wa mashua, tezi ikaenda zake majini. Mjomba akainama kuivuta kwa mkono, akashika jiwe la ukuta. Wimbi likarudisha chombo. Vidole viwili vya mkono wake wa kulia vilibaki pale.

Hakunigombeza. Alisema tu, "Mpwa wangu, funga tezi," na sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. Ndiyo ninayoisikia hadi leo.

Baba alikuja kunichukua. Alikuwa mtu wa jembe la kukokotwa na maksai, hajawahi kupanda chombo maishani. Alinitaka nimweleze mashua ilivyofungwa. Nilipomaliza akasema, "Ng'ombe ukimfunga pembe tu, kiuno anakwenda nacho atakako. Mshike ubavuni." Niliona haya kwa ajili yake. Mtu wa Mugumu atawafundisha Wajita kufunga mashua? Sikumfikishia mjomba neno lile, si siku ile wala miaka iliyofuata, na kinywa changu kilikuwapo.

Baadaye nilipata kazi katika karakana moja ya boti Mwanza. Huko ndiko nilikoona jahazi dogo la tanga lenye injini likiletwa gatini na mtu mmoja, peke yake, upepo ukivuma. Ubavuni, katikati, palikuwa na kigingi cha chuma chenye pembe mbili. Alirusha kitanzi cha kamba iliyotoka kwenye kigingi kile, kikakamata nguzo ya gati iliyokuwa nyuma kidogo. Akaiacha injini isukume mbele taratibu, usukani ameugeuza kuipeleka omo mbali na gati. Kamba ikakaza. Chombo kikalala ubavuni mwa gati, omo na tezi pamoja, kama ng'ombe aliyeingia kwenye kibanio cha josho. Kisha akashuka akafunga kamba nyingine bila haraka. Nilisimama na bisibisi mkononi, nikamkumbuka baba.

Mwaka 2011 binamu yangu, mtoto wa mjomba, alinunua mashua ya mbao yenye tanga na injini ya kupachika. Niliomba nimfungie kigingi. Nilikosea mara ya kwanza: nilikikaza kwa skrubu juu ya ubao wa ukingo, mbele kuliko inavyofaa. Omo iligonga ukuta, na siku ya tatu kigingi kiling'oka na kipande cha ubao. Skrubu hushika nyuzi za mbao tu. Mashua iliyojaa magunia, ikirushwa na wimbi, huvuta kwa ghafla kuliko ng'ombe dume.

Mara ya pili tulianza kwa kupima. Tulifunga kamba kwenye mataruma, mbavu za ndani za mashua, moja baada ya jingine, tukaijaribu mashua ukutani. Omo ikigonga ukuta, kamba iko mbele mno. Omo ikiukimbia ukuta, kamba iko nyuma mno. Tulipopata taruma lililoiweka sawa, tulitoboa ukingo na taruma pamoja, tukapitisha boliti nne, na kwa ndani tukaweka kipande cha mninga kipana pamoja na washa kubwa ili mvuto usambae. Matundu tuliyaziba kwa kalafati kabla ya kukaza nati, maana tundu lililo wazi huozesha taruma kimyakimya. Kamba yetu ilikuwa ya milimita 12, tukachagua kigingi cha sentimita 20, chenye mgongo mfupi na pembe butu, demani, kamba ya tanga, isije ikanasa tanga linapogeuzwa. Tukafanya vilevile upande wa pili, kwa kuwa upepo ndio unaochagua ubavu wa kuegesha.

Mjomba alikuwa amefariki miaka miwili kabla. Mashua yake ya zamani alikuwa ameiuza muda mrefu, kwa sababu mkono wenye vidole vitatu hauwezi kushika demani upepo ukizidi. Boliti nne na kipande cha mbao vingeweza kupatikana Musoma hata mwaka ule wa 1987. Kilichokosekana tangu siku ile ni neno la baba, nami ndiye niliyekuwa nalo.

Siku hizi tanga limepungua katika ghuba, injini zimejaa, lakini bado naona mitumbwi mikubwa iliyofungwa pembe tu, na kijana ameinama tezini, mkono ukutani. Enyi mafundi wa Majita na Kinesi, kabla hamjapaka rangi, toboeni taruma la katikati, pande zote mbili. Na wewe kijana unayepokea kamba, toa mkono wako hapo.