Taa Tatu Zilizonipeleka Dongguan

Chanjo nyingi hutunzwa katika nyuzijoto 2 hadi 8. Joto likizidi hapo, nguvu yake hupungua kidogo kidogo. Zikiganda, baadhi hazifai tena kumchoma mtoto. Kifaa tulichokuwa tukikitengeneza katika karakana yetu ndogo Dar es Salaam kilikuwa na kazi moja: kumwonyesha muuguzi hali ya friji yake kwa taa ya kijani, ya njano au nyekundu, akiwa bado mlangoni na mkono mmoja umebeba daftari.

Saketi ilikuwa tayari. Kilichobaki ni kuutoa mwanga nje. Taa za LED zilikaa kwenye bodi, chini ndani ya boksi, zikitazama juu, ilhali muuguzi husimama mbele. Kuzifikisha mbele kwa nyaya kungeongeza viungo vya kulehemu, na kila kiungo ni mahali pa kuharibikia. Kutoboa matundu kungekaribisha vumbi na maji ya kusafishia. Jibu ni kipitisha mwanga, yaani kijiti cha plastiki angavu kinachopokea mwanga kwenye bodi, kinakunja kona, kisha kinautoa usoni mwa boksi. Nyumbani hatukupata mtu wa kutuchongea kalibu ya kijiti hicho kwa ulaini uliotakiwa. Ndipo nikapanda ndege, kwa mara yangu ya kwanza kwenda China.

Kutoka Dar nilipitia Addis Ababa hadi Guangzhou. Nusu ya abiria wa ndege ile walikuwa wafanyabiashara wanaoijua njia kama ya kwenda sokoni. Mama mmoja wa soko la Kariakoo alinifundisha tukiwa angani jinsi ya kuuliza bei bila kuonyesha haraka. Uwanjani nilipokewa na kijana Mzanzibari aliyesoma Guangzhou na sasa ni mkalimani. "Pole na safari, dada," alisema huku akichukua begi. Nikamjibu nimeshapoa, ingawa miguu ilikuwa imevimba. Treni ya kasi ilitufikisha Shenzhen kabla sijamaliza kumsimulia habari za nyumbani.

Jambo la kwanza lililonishangaza Shenzhen ni utulivu wa barabara zake. Mabasi ya jiji lile yote yalikuwa yamegeuzwa kuwa ya umeme kufikia mwisho wa mwaka 2017, na teksi zikafuata, kwa hiyo barabara pana yenye magari mengi haina ile ngurumo niliyoizoea Ubungo, kwetu Dar. Jambo la pili ni Huaqiangbei, soko la vifaa vya elektroniki. Tulianzia katika jengo la SEG, mnara wa ghorofa zipatazo sabini ambao ghorofa zake za chini zimejaa vibanda vya vioo. Kibanda kimoja huuza vipinga umeme tu. Cha jirani huuza swichi tu. Kila mahali unasikia mlio wa utepe wa gundi ukivutwa kufunga maboksi, na vijana wakipita na matoroli wakiomba njia.

Nilifika kwenye kibanda cha vipitisha mwanga. Vilikuwa katika mifuko midogo: vya mviringo, vya bapa, vilivyonyooka, vilivyopinda, vya taa moja na vya taa nne zilizoungana. Nilinunua vichache, nikaviwekea tochi ya simu upande mmoja na kutazama upande wa pili. Kimoja kilitoa doa kali katikati na giza pembeni. Kingine kiling'aa mwili mzima, ishara kwamba mwanga ulikuwa ukivuja njiani. Cha tatu kilibaki karibu bila mng'ao mwilini, kikawaka kichwani tu. Tofauti ya vijiti hivyo ndiyo elimu niliyoifuata.

Kesho yake tulikwenda Chang'an, mji wa Dongguan unaopakana na Shenzhen, unaojulikana China nzima kwa kazi za kalibu na vyuma. Karakana tuliyofikia haikuwa kubwa. Orofani palikuwa na ofisi ya usanifu, chini mashine. Mhandisi wa kike aliyetupokea alimimina chai, kisha, kabla ya kufungua kompyuta, akachora kijiti kwenye karatasi na kueleza sheria ambayo kila kitu kingine kinaitegemea.

Ndani ya akriliki mwanga husafiri kwa kasi ndogo mara 1.49 kuliko katika ombwe. Kwa sababu hiyo, mwale unaogonga ukuta wa plastiki kutoka ndani hauruhusiwi kutoka ovyo. Ukipima pembe kuanzia kwenye mstari uliosimama wima juu ya ukuta, mwale wenye pembe inayozidi nyuzi 42 hivi hurudishwa wote ndani, bila kupotea. Huo ndio mwakisiko kamili wa ndani. Mwanafizikia Daniel Colladon aliuonyesha huko Geneva kwa mchirizi wa maji uliobeba mwanga, akauandikia makala mwaka 1842. John Tyndall akauonyesha tena London mwaka 1854. Sheria iliyopindisha mwanga ndani ya maji yao ndiyo iliyokuwa ipindishe mwanga wa friji yetu.

Kisha mhandisi alinionyesha hesabu iliyonifurahisha kuliko zote. Mwale unaoingia kupitia uso bapa wa kijiti cha akriliki hupinda, na hata ukija kwa mshazari kiasi gani, ukishaingia hauwezi kuwa mbali na mhimili kwa zaidi ya nyuzi 42. Maana yake utagonga ubavu kwa nyuzi 48 au zaidi, na 48 ni kubwa kuliko 42. Kwa hiyo katika kijiti kilichonyooka na kulainishwa vizuri, kila mwale ulioingia kwa mbele hubaki ndani hadi mwisho. Hasara isiyoepukika ni ile ya milangoni: takriban asilimia 4 huakisiwa wakati wa kuingia na kiasi kama hicho wakati wa kutoka.

Ugumu huanzia kwenye kona. Alifungua programu, akaingiza umbo la kijiti chetu chenye unene wa milimita 3, akaweka faili ya miale iliyotolewa na watengenezaji wa LED, kisha akaiacha kompyuta irushe miale. Kila mwale hupewa mwelekeo wa kubahatisha kulingana na tabia ya taa, hufuatwa kila unapogonga ukuta, na kuhesabiwa ukifika au ukipotea. Njia hii huitwa Monte Carlo. Ilianzia kwa wanasayansi wa maabara ya Los Alamos, Marekani, miaka ya 1940, wakiwemo Stanisław Ulam na John von Neumann. Ina bei yake: ukitaka kupunguza mtawanyiko wa jibu kwa nusu, lazima urushe miale mara nne. Kwa hiyo yeye huanza na miale michache ili kuona njia, na hutumia mamilioni pale tu umbo linapokaribia kukamilika.

Kwenye skrini kona yetu kali ilitoa kishada cha mistari myekundu iliyokimbilia nje. Akaongeza mviringo wa kona kwa upande wa ndani: kwanza milimita 3, kisha 4.5, kisha 6. Kila alipoongeza, mistari iliyotoroka ilipungua. Kanuni ya mafundi ni kwamba nusu kipenyo cha ndani cha kona kiwe angalau mara mbili ya unene wa kijiti, na haikutoka hewani: ukikokotoa kwa 1.49 kwa mwanga unaosafiri sambamba na mhimili, unapata takriban mara mbili. Nafasi ikiwa finyu, msanifu hukata kona kwa mshazari wa nyuzi 45, uso unaofanya kazi ya kioo, kwa sababu 45 nayo inazidi 42, ingawa miale iliyotawanyika huvuja kwa kiasi.

Tukajadili malighafi. Polikaboneti ni ngumu kuvunjika na huvumilia joto zaidi, lakini hupitisha mwanga kidogo kuliko akriliki na hugeuka njano juani isipokingwa. Boksi letu lingekaa ndani ya zahanati, mbali na jua kali na mbali na vishindo. Tukachagua akriliki.

Chini, kwenye mashine, nilikutana na mzee ambaye wote walimwita Shifu, heshima wanayompa fundi aliyebobea. Kazi yake ni kusugua chuma cha kalibu kwa ujiuji wa almasi hadi kiwe kioo. Punje za akriliki zilikuwa zikikaushwa kwanza, kwani plastiki hii hunyonya unyevu wa hewa, na unyevu ule huacha michirizi ya fedha ndani ya kijiti. Kisha huyeyushwa na kusukumwa ndani ya kalibu. Niliona kwa nini vijiti vinene huchukua muda: ukizidisha unene mara mbili, muda wa kupoa huongezeka takriban mara nne, na ukiharakisha, uso hubonyea.

Kalibu yetu ilipokuwa tayari, sampuli za kwanza zilitoka zikiwa na mwanga hafifu kuliko kompyuta ilivyotabiri. Mhandisi hakushtuka. Programu ilichukulia kuta laini kabisa, na mwale unaogonga kuta mara nyingi hukutana na kila mkwaruzo ulioko. Shifu alikiweka kijiti chini ya lenzi, akaonyesha mistari myembamba ya kifaa cha kuchongea palepale kwenye kona, akarudi kukaa na chuma chake mchana kutwa. Alinieleza, kupitia mkalimani, kwamba chuma hupunguzwa kwa urahisi lakini kukiongeza ni kazi ya kulehemu, ndiyo maana kalibu huanza na chuma cha ziada kidogo.

Sampuli zilizofuata ziliwaka sawasawa na mchoro. Uso wa kutokea ulikuwa umeachwa na chembechembe makusudi, ili mwanga utawanyike na muuguzi auone hata akiwa pembeni. Kati ya vijiti vitatu tuliweka vizuizi vyeusi, kwa sababu nyekundu ikivujia kwenye kijani mtu anaweza kuamini chanjo ni salama wakati zinaharibika.

Nimerudi na kalibu, na nimerudi na hakika. Usanifu wa vipitisha mwanga vijana wetu wanauweza: fizikia yake inafundishwa sekondari, na uigaji wake unafanyika kwenye kompyuta ya kawaida. Tunachokosa ni akina Shifu. Naomba VETA inayosimamia mafunzo ya ufundi Tanzania, TEMDO ya Arusha inayosanifu mitambo, na vyuo vya ufundi vya Kenya na Uganda viwape wanafunzi mashine za kuchongea kalibu na miaka ya kutosha chini ya fundi mzuri wa kusugua chuma. Bila kalibu zetu wenyewe, kila kifaa tutakachokibuni, hata kile kidogo kabisa cha kulinda chanjo za watoto wetu, kitasubiri zamu yake katika karakana ya mtu mwingine.