Soma Kwanza Hii

Siku ukipanda bisi toka Bel-Air kwenda mjini, ingia katika biblioteke. Usiogope, uliza yule mtunza vitabu. Mimi nilimwomba historia ya Lubumbashi, nikingojea kitabu kinene cha Kifaransa. Akaniambia: "Pasta, soma kwanza hii. Iko mu Kiswahili yetu."

Ni maandiko ya André Yav ya mwaka 1965. Aliyaandika kwa jina la maboyi wa zamani wa Elisabethville, ndiyo Lubumbashi tangu 1966. Watu waliopika na kufua katika nyumba za Wazungu, wao ndio wanasimulia mji! Profesa Johannes Fabian aliyachapisha 1990, pamoja na tafsiri ya Kiingereza.

Nyumbani nilimsomea binti yangu. Akacheka: "Papa, kumbe hii Kiswahili yetu inaandikwaka?" Nyinyi vijana munazania kitabu ni Kifaransa tu, na mambo ya wazee yanakwenda nao kaburini.

Jirani yetu, mzee sana, alikuwa boyi mjini. Alisikiliza ukurasa mmoja, akaomba turudilie. Kesho yake binti alimfuata na daftari na bik.