Gari Kuukuu Likataapo Kuwaka

Gari kuukuu likikataa kuwaka asubuhi, aghalabu mwenyewe huuzungusha ufunguo mara ya pili, ya tatu na ya kumi, hata betri iliyokuwa nzima nayo ikafa. Hapo ugonjwa mmoja umekuwa magonjwa mawili, na ule wa kwanza bado haujajulikana.

Rumonge, mji ulio ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, kilomita 70 na zaidi kusini ya Bujumbura, una magari yake ya zamani. Moja la kusifiwa ni Peugeot 504, lililoanza kutengenezwa Ufaransa mwaka 1968, likashinda mbio za Safari nchini Kenya mwaka 1975 na tena mwaka 1978. Watu wazima hulipenda kwa kuwa halina siri: viungo vyake vyaonekana kwa macho na kufunguliwa kwa spana. Baridi, ambayo vitabu vya Ulaya huitaja kuwa adui wa kwanza wa kuwasha gari, si kitu ufukoni huku. Adui ni unyevu, kutu ya vichwa vya betri, joto la mchana liyageuzalo mafuta kuwa mvuke ndani ya bomba, na uhaba wa petroli ulioisumbua Burundi mara kwa mara tangu mwaka 2022.

Askari mmoja mstaafu wa mji huo alikuwa na gari la aina hiyo. Kwa kukosa petroli lilikaa majuma matatu pasipo kutembea. Mwishowe alipata lita 15 za dumu, kwa bei ambayo hakupenda kuitaja mbele ya watoto. Mawese aliyoyakamua mkewe yalikuwa yakingoja kupelekwa Bujumbura, na ada za shule za wajukuu zilikuwa zikiyangoja mawese hayo.

Siku ya safari gari lilikohoa mara mbili, likanyamaza. Kijana wa gereji ya jirani akaitwa, akainama chini ya boneti, akatamka: "Mzee, koili imekufa." Bei ya koili, hata iliyokwisha tumika, ilikaribia nusu ya pensheni ya mwezi.

Mstaafu hakutoa fedha. Jeshini alifunzwa kuipekua njia hatua kwa hatua, naye akaanza na betri. Aliwasha taa kubwa, akamwambia mjukuu azungushe ufunguo. Taa zikizimika, kosa ni la betri au vichwa vyake. Zikibaki kali na stata isitikisike, kosa ni la stata, waya zake au swichi. Taa zilififia kidogo tu, na injini ikazunguka kwa nguvu. Betri ikaachwa. (Vichwa vyenye unga mweupe au wa kijani huoshwa kwa maji ya moto yenye magadi, wako walionunua betri mpya kwa ajili ya unga huo tu.)

Kisha cheche. Alifungua plagi moja, ambayo mafundi waliojifunza kwa Kifaransa huiita buji, akaichomeka katika waya wake na kuigusisha na chuma cha injini, mbali na kabureta, akiishika kwa kibanio cha mbao. Tahadhari hiyo si ya bure. Umeme wa hapo wapita volti 10,000, na cheche moja penye mvuke wa petroli yatosha kuliunguza gari pamoja na aliyeliinamia. Cheche ikiwa hafifu na nyekundu, hutazamwa kwanza platini zilizo ndani ya kigawa umeme, yaani delko. Zikiungua, au nafasi yake ikiacha kipimo cha karibu milimita 0.4, koili nzima kabisa huonekana maiti. Kifuniko chenye unyevu hupanguswa kwa kitambaa kikavu, basi. Cheche ya mstaafu ilikuwa ya buluu, tena yenye mlio. Koili haikufa. Kijana hakusema uongo; alihukumu kabla ya kupima, na hiyo ndiyo desturi ya gereji nyingi zenye vipuri vya kuuza.

Yakabaki mafuta. Alivua chujio la hewa, akachungulia ndani ya kabureta huku akiuvuta mkono wa aksileta, injini ikiwa imezimwa. Mchirizi mwembamba ukaruka. Kama usingeruka, angetazama pampu na bomba. Kama plagi ingetoka imelowa petroli, angekanyaga pedali mpaka chini, akazungusha kwa sekunde zisizozidi 10, kisha akaipumzisha stata.

Umeme upo, cheche ipo, mafuta yapo, na gari haliwaki. Hapo wanaume wengi huurudia ufunguo.

Mkewe ndiye aliyeuliza: "Mzee, hicho kirukacho una hakika ni petroli?"

Mtu aliyechemsha mawese miaka mingi ajua kwamba mafuta huelea na maji hubaki chini. Mama huyo aliitwaa chupa ya kioo, ikajazwa kutoka bomba liingialo katika kabureta, akaiweka juu ya ukuta, mbali na jiko lake. Punde mstari ukaonekana katikati ya chupa, na chini ya mstari palikuwa maji matupu. Maadamu pampu hunyonya kutoka chini ya tangi, na kabureta nayo hunyonya kutoka chini ya bakuli lake, injini ilikuwa ikinyweshwa maji huku petroli ikielea juu. Kama muuzaji alikusudia, au dumu lilikaa wazi mvuani, haikujulikana.

Tangi lilimwagwa lote, bakuli la kabureta likapanguswa, chujio likabadilishwa. Mafuta yakatulizwa usiku kucha nje ya nyumba, katika chombo kilichofunikwa, na asubuhi yale ya juu yakavutwa taratibu kwa mpira. Gari likawaka mara ya tatu.

Zilizosalia zilikuwa lita 11: za kwenda Bujumbura, si za kurudi. Mawese yakapandishwa katika lori la mtu mwingine, dereva akakata fungu lake, na petroli ikabakizwa tangini kwa ajili ya ugonjwa wa usiku. Chupa ile mama akaiweka pamoja na vyombo vyake vya mawese. Tangu siku hiyo hakuna petroli iliyolipiwa katika nyumba hiyo kabla ya kutulia humo kwanza, muuzaji mwenyewe akitazama.