Furaha ya Mtoto Isitusahaulishe Mama

Ndugu zangu Waislamu, haya yalinifika nyumbani kwangu Ujiji, nami nayasimulia ili yawe funzo kwa wengine.

Mke wangu alipokuwa na mimba ya miezi mitano, alishikwa na maumivu makali upande mmoja wa tumbo. Shangazi alisema ni chango, nami kwa ujinga wangu nikaridhika. Siku ya tatu, maumivu yalipozidi, ndipo nilipompeleka hospitali, Kigoma mjini. Alipimwa kwa mashine ya picha, tukaambiwa kuwa mtoto hajambo, ila katika mji wa mimba mna vivimbe viwili viitwavyo fibroidi.

Daktari alitueleza kuwa hiyo ni nyama iotayo katika ukuta wa mji wa mimba. Si shetani, wala kwa kawaida si saratani. Wanawake wengi wanayo, na wengi wao hujifungua salama. Lakini mimba ikikua, kivimbe huweza kupungukiwa na damu kikauma sana, au kumfanya mtoto akae vibaya. Wakati wa mimba kwa kawaida havikatwi, kwa kuchelea kutoka damu nyingi. Mama hupewa dawa ya maumivu na kupumzishwa.

Kisha akatuusia kwamba asizalie nyumbani. Kondo likishatoka, mji wa mimba hujikaza na kuifunga mishipa ya damu. Penye vivimbe huweza kushindwa kujikaza.

Na ndivyo ilivyokuwa. Nililetewa mwanangu nikamwadhinia sikioni, watu wakanipongeza. Kumbe ndani damu inamtoka mama yake bila kukoma. Alichomwa sindano za kuukaza mji wa mimba, akaongezwa damu. Alhamdulillahi, akapona, na miezi ilipopita vivimbe vilinywea.

Hata leo hujiuliza: lau angezalia chumbani kwetu usiku ule, ningefanya nini? Na wale wa vijiji vya pwani ya ziwa, ambao njia yao ni mtumbwi, watafika lini?

Mtume wetu (s.a.w.) alituamrisha kujitibu, kungoja si kutawakali. Basi, enyi akina baba, tuwapeleke wake zetu kupimwa mapema, tuweke akiba ya nauli, tutafute watu wa kutoa damu. Na mtoto akizaliwa, kabla ya kupongezana, tuulize kwanza: mama yake yu hali gani?

Mwenyezi Mungu awahifadhi mama zetu. Amin.