Picha za zamani zisizo na majina, na majina yasiyo na picha

BENI NA BUTEMBO – Mara kwa mara picha ya zamani, ya rangi nyeusi na nyeupe, inaanza kupita katika vikundi vya WhatsApp vya Beni na Butembo. Mara ni mlima Ruwenzori na theluji yake, mara ni barabara ya Kabasha, mara ni tembo katika bonde la Rwindi. Chini yake kumeandikwa Kifaransa kidogo: Congo Belge, halafu jina la mahali, basi. Vijana wanashangaa namna nchi ilivyokuwa. Jamaa zilizokimbia vita zinaitazama kwa jicho lingine. Zinatafuta kwao ndani ya picha, na mara nyingi hazikuoni.

Nyingi za picha hizo zilikuwa kadi za posta. Upande mmoja picha, upande mwingine stempu, anwani na maneno machache ya salamu. Wazungu waliokuwa Kongo walizituma kwa ndugu zao Ulaya. Mpiga picha aliyejulikana sana katika kazi hiyo ni Casimir Zagourski, Mpoland aliyefika Kongo mwaka wa 1924 na kufungua studio Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo. Alisafiri sana, hadi mashariki, akatoa mfululizo mkubwa wa kadi ulioitwa L'Afrique qui disparaît, maana yake Afrika inayopotea. Alikufa mwaka wa 1944.

Kadi za wakati ule ni nzuri kwa macho, lakini zina upungufu mmoja mkubwa. Sultani au mfalme aliweza kutajwa kwa jina lake. Mama aliyebeba kuni, mvuvi, kijana aliyecheza ngoma, kwa kawaida hao waliandikiwa kabila tu. Wambuti wa msitu wa Ituri walipigwa picha nyingi sana, na wengi wao hakuna ajuaye leo waliitwa nani. Picha ilisafiri hadi Ulaya, jina likabaki msituni.

Tena kadi ilichagua cha kuonyesha. Mutwanga ilijulikana kwa wageni kwa sababu ndipo safari ya kupanda Ruwenzori inapoanzia, hadi kilele cha Margherita, mita 5,109. Nyanda za Rwindi zilionyeshwa kama nchi ya wanyama tu, isiyo na mtu. Lakini mbuga iliyoundwa mwaka wa 1925 kwa jina la mfalme Albert ilipanuliwa katika miaka iliyofuata, na watu waliolima na kuvua samaki pande hizo walihamishwa. Ugomvi juu ya mipaka ya mbuga unaendelea hadi leo. Ina maana kwamba nyuma ya kadi moja ya tembo na majani makavu, kunaweza kuwa na kijiji cha watu waliokimbia zamani, kabla ya wakimbizi wa leo kuzaliwa.

Hata majina ya mahali yamehama. Anayetafuta mbuga ya Albert katika ramani ya leo ataikuta kwa jina la Virunga, tangu mwaka wa 1969. Costermansville ni Bukavu. Stanleyville ni Kisangani. Ziwa Édouard liliitwa Idi Amin kuanzia mwaka wa 1973, na jina la kwanza likarudi utawala wake ulipoanguka mwaka wa 1979. Mtoto asiyeelezwa mambo hayo anaweza kushika mkononi picha ya kwao asijue ni kwao.

Wakimbizi wa ndani wako na shida iliyo kinyume cha hiyo. Majina wanayo yote. Picha ndizo hawana.

Mama mmoja aliyekimbia pande za Eringeti, na ambaye sasa anakaa Butembo kwa wifi yake, anaweza kutaja nyumba moja moja toka barabara kubwa hadi mtoni: kwa mwalimu, kwa fundi wa pikipiki, kwa nyanya aliyeuza mandazi, halafu muembe mkubwa ambapo watoto walingoja kengele ya masomo. Shamba lake la kakao lilianzia nyuma ya muembe huo. Picha zilizokuwa ukutani ziliungua pamoja na nyumba. Ya mume wake aliyeuawa imebaki ile ndogo ya kadi ya mpiga kura, kwa sababu siku ya kukimbia ilikuwa imefungwa katika pindo la kitenge chake.

Jamaa za namna hiyo ni nyingi. Mauaji ya raia katika wilaya ya Beni, ambayo mengi wanatajwa waasi wa ADF, yalianza kuongezeka mwezi wa kumi 2014. Mtoto aliyezaliwa mwaka huo anaweza kumaliza masomo ya msingi mjini bila kuona hata mara moja shamba la babu yake. Wazee wanaojua mpaka wa shamba unapita kwenye mti gani, na kaburi la nani liko wapi, wanakufa ugenini. Siku amani itakaporudi, kijana atarudi na nani wa kumwonyesha? Na akikuta mwingine analima pale, atasema nini?

Hapo ndipo kadi ya zamani inaweza kusaidia. Baba mmoja wa Kanyabayonga alifika Butembo mwishoni mwa mwezi wa sita 2024, M23 ilipouchukua mji wao. Siku moja mjukuu wake akamwonyesha katika simu picha ya zamani ya Kabasha. Wageni wanapenda picha hiyo kwa sababu ya bonde linaloonekana chini. Mzee hakutazama bonde. Alitazama kona ya barabara, akaanza kueleza malori yalipoza injini wapi, nani aliuza ndizi za kuchoma pale, na dereva gani alilala njiani siku tatu kwa sababu ya matope. Mjukuu akashika sauti yake kwa simu. Bila picha ile, kijana asingejua aulize nini.

Kazi hiyo haiombi mradi wala feza nyingi. Picha yoyote iliyobaki, hata ya kadi ya mpiga kura, inaweza kuandikwa nyuma au kwenye karatasi: nani, wapi, mwaka gani. Kuandika Kambale au Kavira peke yake hakutoshi, kwani Wanande wanapewa majina hayo kwa kufuata namna walivyofuatana kuzaliwa, na Kambale wako katika kila nyumba. Jina la baba, la kijiji na la kilima liongezwe. Asiye na picha anaweza kuchora: barabara, mto, kanisa, nyumba, miti ya mpaka. Mzee asahihishe, na nakala ya pili ikae kwa ndugu mwingine katika mji mwingine, maana karatasi pia inaungua. Lakini mahali wakimbizi wanapokaa leo pasitangazwe kwa watu wasiojulikana.

Kadi za wakoloni ziliwekwa vizuri katika masanduku ya Ulaya karibu miaka mia, na bado hazijui kusema yule mama wa kuni alikuwa nani. Mama wa Eringeti anajua majirani wake wote. Binti yake amekwisha kununua daftari, na Jumapili mchana wanaandika nyumba moja moja. Wamefika kwa fundi wa pikipiki.