Uwezekano: Hesabu ya Kufanywa Kabla ya Posa



Baadhi yenu mnaosoma sekondari hutuuliza baada ya darsa la jioni: somo la uwezekano lina faida gani zaidi ya kujibu mtihani? Tumeonelea tulijibu suala hilo hapa kwa mfano unaogusa nyumba zetu nyingi, nao ni maradhi ya seli mundu.

Kwanza tuelewe maana. Uwezekano ni kipimo cha tukio kutokea, kuanzia 0, yaani haliwezi kutokea, hadi 1, yaani lazima litokee. Ikiwa matokeo yote yana nafasi sawa, tunahesabu yale tunayoyatafuta, kisha tunagawa kwa idadi ya yote. Rusheni sarafu mbili. Matokeo ni manne: picha na picha, picha na namba, namba na picha, namba na namba. Basi uwezekano wa kupata picha zote mbili ni 1/4.

Sasa wekeni wazazi mahali pa sarafu. Kila mtu hurithi kinasaba kimoja cha damu kutoka kwa baba na kimoja kutoka kwa mama. Tukiite kizima A, na chenye kasoro S. Mwenye AS kwa kawaida haugui, na huenda asijue hali yake. Wakioana AS wawili, mtoto aweza kuwa AA, AS, SA au SS. Mgonjwa ni SS, hivyo uwezekano ni 1/4. Kutougua ni 1 kutoa 1/4, yaani 3/4.

Katika vikao vya familia tumesikia ikisemwa: "Wa kwanza ni mgonjwa, basi watatu wanaofuata watakuwa wazima." Sivyo. Sarafu haikumbuki ilivyoanguka jana, na mimba haijui iliyotangulia. Haya huitwa matukio huru. Kila mtoto huanza na 1/4 yake upya.

Kwa matukio huru tunazidisha. Watoto wanne wote wasiugue ni 3/4 × 3/4 × 3/4 × 3/4 = 81/256, karibu 32 katika 100. Basi katika familia 100 za namna hiyo, tutarajie takriban 68 ziwe na mgonjwa mmoja au zaidi.

Tumesikia pia mama akilaumiwa peke yake. Hesabu yetu inakataa dhulma hiyo: SS haipatikani bila S ya baba.

Lakini AS akioana na AA, matokeo ya SS hayapo kabisa. Uwezekano ni 0. Ndiyo faida ya kupima mapema. Saudi Arabia imelazimisha kipimo hiki kwa wanaotaka kuoana tangu 2004. Majibu hayawakatazi ndoa, huwapa habari ya kuamulia.

Hesabu hii si ramli. Haitaji mtoto gani ataugua. Hueleza ukubwa wa hatari, ili watu washauriane wakiwa macho.

Zoezi: SS akioana na AS, andikeni matokeo manne. Mtakuta 1/2. Nanyi mnaokaribia umri wa kuoa na kuolewa, kapimeni damu kabla mahari haijatajwa.

Wabillahi tawfiq.