Mpaka na Dhamana

Kusafiri ndani ya nchi moja ni jambo la nauli na nguvu. Kusafiri kutoka nchi moja hadi nyingine ni jambo la dhamana. Abiria wa basi huenda asiutambue ukweli huu, kwa kuwa mwenye basi amekwisha kuyatengeneza mambo yote kabla ya tiketi kukatwa. Lakini mtu atakaye gari la faragha, liondoke saa aitakayo na lisimame atakapo, hana budi kuitafuta dhamana hiyo yeye mwenyewe. Mimi niliitafuta kwa ajili ya mama yangu mkubwa.

Alikuwa ameishi Mombasa kwa mumewe miaka mingi, hata akafiwa. Uzee ulipomzidi na miguu ikamkatalia, alitamani jambo moja tu: kurudi Tanga kwa nduguze. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Basi halikumfaa, maana hakuweza kukaa kitako saa nyingi.

Njia yenyewe si ndefu. Msafiri huvuka kivuko cha Likoni, hufuata pwani ya kusini kupitia Ukunda na Msambweni hata Lunga Lunga, kisha Horohoro, kisha Tanga. Wadigo na Wasegeju wako pande zote mbili. Mwanafunzi wa lahaja akitoka Tanga kwenda Vanga husikia usemi ukibadilika kidogo kidogo. Hasikii mahali palipokatika. Palikatwa katika ramani, mwaka 1886, Waingereza na Wajerumani walipopatana juu ya mstari utokao mlango wa mto Umba kwenda Ziwa Jipe. Mstari huo una nguvu zake. Mwaka 1977, Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ilipovunjika, Tanzania iliufunga mpaka, na haukufunguliwa mpaka mwaka 1983. Katika miaka hiyo bibi yangu alifariki Tanga, na habari zilimfikia mama mkubwa baada ya arobaini kupita. Hakulisahau jambo hilo, na ndiyo sababu aliogopa kungoja.

Mkodishaji mmoja wa magari aliposikia neno mpaka alikataa. Dereva mmoja alitushauri tutumie magari mawili: moja litufikishe Lunga Lunga, jingine litupokee Horohoro. Shauri hili lina hekima, na wengi hulifuata, kwa kuwa gari lisilovuka halidaiwi hati. Lakini lamtaka abiria ashuke na mizigo yake, atembee, apande tena. Kwa kijana ni usumbufu mdogo. Kwa mgonjwa ni adhabu.

Mwishowe jirani yake mama mkubwa alijitolea gari lake, na mpwa wake aliendeshe. Hakutaka ujira ila mafuta. Wema wake ulitufungulia mlango, lakini haukututosha. Ilipasa kuwe na kadi ya usajili wa gari, leseni ya dereva, na barua ya mwenye gari, iliyoshuhudiwa na wakili, ikimtaja dereva kwa jina na kumruhusu alitoe gari nje ya nchi. Bima ya nyumbani ilikoma mpakani, kwa hiyo ilitubidi tuiongezee kadi ya njano ya COMESA. Tanzania ilijitoa katika umoja huo mwaka 2000, lakini haikujitoa katika mpango wa kadi hiyo. Kisha watu wa forodha walitaka kibali cha muda cha kuliingiza gari, ili lisije likauzwa ugenini bila ushuru.

Watu wengi huziona hati hizi kuwa maudhi. Nilipozitandaza mezani niliona kuwa kila moja ni jibu la swali. Gari hili ni la nani? Je, mwenyewe amekutuma? Ukimgonga mtu wetu, nani atamlipa? Utaondoka nalo lini? Mzee yeyote wa kijiji angemwuliza mgeni maswali hayo, wala asingekosa adabu kwa kuyauliza. Karatasi si adui wa uaminifu. Ni uaminifu ulioandikwa, upate kusomwa na mtu asiyekujua.

Huko mpakani mna kituo cha pamoja: maofisa wa nchi mbili hukaa chini ya paa moja, na msafiri husimama mara moja tu, upande ule anaouingia. Ofisa wa Horohoro aliposikia hali ya abiria wetu alitoka na kuja garini. Alimwamkia shikamoo, akamwuliza anakwenda wapi. Akajibiwa, "Kwetu, mwanangu."

Jibu hilo lilikuwa kweli tupu, lakini peke yake lisingelivusha gari. Ikiwa hati ni uaminifu ulioandikwa, basi ni haki kuuliza nani aweza kuuandikisha. Sisi tulikuwa na jirani mwenye gari, fedha za wakili, na mtu mmoja katika ukoo aliyezoea kusoma masharti. Ajuza mwingine wa Ukunda, mwenye nduguze Tanga na asiye na hayo matatu, ni mwaminifu vile vile, na miguu yake yauma vile vile. Mpaka utakuwa wa haki siku atakapoweza kuuvuka naye akiwa amelala kitini, bila kutegemea bahati ya kuwa na jirani mwema.